Ukiokoka hutendi dhambi tena?

Jumapili moja hapa Nkuhungu, Dodoma, dada mmoja alikaa benchi la nyuma, sinia ya Meza ya Bwana ikampita, yeye kashika tu pindo la kitenge. Baadae akaniambia juzi alimtukana konda stendi ya Sabasaba kwa ajili ya chenji, kwahiyo labda hakuokoka kweli. Iliniuma sana.

Haya mafundisho kwamba aliyeokoka hatendi dhambi tena yapo miaka mingi na mstari wanaoshika ni 1 Yohana 3:9, kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Sawa, umeandikwa. Ila barua ni hiyohiyo, rudi sura ya 1 mstari wa 8, Yohana anasema tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, na anasema "tu", yaani sisi, yeye mwenyewe kajihesabu humo. Kwenye Kigiriki kile kitenzi cha 3:9 kipo wakati uliopo, na wafafanuzi wengi wanakielewa kama kuendelea, yaani mtu kufanya dhambi ndo maisha yake, sio kujikwaa siku moja kwa konda.

Hata John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha Wamethodisti na aliyefundisha sana ukamilifu wa Mkristo, alikubali kuna makosa ya kutokujua yanabaki na bado yanahitaji damu ya Yesu. Na Baba Yetu je, si tunaomba tusamehewe?

Nilimsomea yule dada 1 Yohana 2:1, mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba. Akaniomba nirudie.