Godauni la bati likidondosha maji asubuhi, sio lazima linavuja

Hii ya "bati linavuja" nimeisikia toka nipo mdogo hapa Dodoma, fundi anapanda juu na silikoni anaziba misumari yote, halafu Julai maji yanadondokea magunia tena, na mvua ilishakata muda mrefu jamani, sasa linavuja nini?

Hilo ni jasho. Mahindi, watu, sakafu, vyote vinatoa unyevu, hewa ya moto inaubeba hadi juu, usiku bati linapoa sana (baridi ya Dodoma mnaijua) basi unyevu unageuka matone, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ukiziba kila tundu ndo unaongeza tatizo.

Hewa iingie chini, itokee juu kabisa kwenye kofia ya paa. Madirisha ya usawa wa kifua peke yake hayatoshi, joto linabaki limekaa juu. Na vile vifeni vinavyozunguka vyenyewe kwenye paa, bila matundu ya chini vitavuta nini? Chini weka wavu wa panya, na mahindi yaingie makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5.

Ila kama linadondosha mvua ikinyesha tu, hapo kweli mwite fundi.