Fimwea si Windows

"Nimesasisha Windows, sasa laptopu haiwaki." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno. Ukiuliza maswali mawili tu, unakuta laptopu inawaka vizuri, feni inazunguka na kioo kina maandishi. Na kilichosasishwa hakikuwa Windows, ilikuwa fimwea.

Fimwea ni programu inayokaa kwenye chipu ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), nje ya diski, na ndiyo ya kwanza kuamka ukibonyeza kitufe. Inakagua RAM, kibodi na diski, halafu inaukabidhi kazi mfumo endeshi, yaani Windows au Linux. Basi.

Watu wanachanganya kwa sababu siku hizi sasisho la fimwea mara nyingi huletwa na Windows Update yenyewe. Lakini aliyeleta barua siye aliyeiandika.

Neno lenyewe lina utani ndani yake. Mmarekani Ascher Opler alilitumia mwaka 1967. Kwa Kiingereza vyuma vya kompyuta vilikwishaitwa hadiwea, yaani vitu vigumu, na programu zikaitwa softiwea, vitu laini. Opler akataka jina la kitu cha katikati, akachukua neno la Kiingereza "firm", lenye maana ya imara: si kigumu kama chuma, wala si cha kubadilishwa ovyo. Yeye alikuwa akizungumzia maagizo ya ndani kabisa ya prosesa. Maana tunayoitumia leo ilipanuka baadaye. Sisi tumeupokea mlio, utani tumeuacha huko huko, ndiyo maana mtu akisikia "fimwea" haimwambii kitu, anakimbilia jina analolijua, Windows.

Wengine huiita BIOS, jina alilolibuni Gary Kildall katikati ya miaka ya 1970 kwa mfumo wake endeshi wa CP/M. Laptopu za leo karibu zote zina UEFI, fimwea ya aina mpya, badala yake, lakini mafundi wanaendelea kusema BIOS, na hilo halinikeri. Kinachonikeri ni "BIOS imekufa", kauli inayotolewa mbele ya kioo kilichoandikwa kwamba hakuna kifaa cha kuanzia. Nani ameandika hayo? Fimwea hiyo hiyo! Ingekuwa imekufa, usingeona nembo wala herufi. Labda milio au taa ya kupepesa.

Sasisho la fimwea huweza kurudisha mipangilio ilivyotoka kiwandani. Jina la diski linatoka kwenye orodha ya vifaa vya kuanzia, au modi ya diski, yaani namna kompyuta inavyozungumza na diski, inatoka ile iitwayo RAID kwenda iitwayo AHCI. Niliwahi kukutana na hiyo ya pili: nembo inatokea, Windows inaanza, halafu kioo cha bluu. Fundi alikuwa tayari na flashi mkononi apige Windows upya. Tukaingia kwenye mipangilio, tukairudisha RAID, tukahifadhi, tukawasha. Ikaingia, mafaili yote mahali pake.

Halafu kuna kile kioo cha BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data za diski, kinachodai ufunguo wa tarakimu 48, na mtu anadhani amedukuliwa. Hapana. Chipu ya TPM, mlinzi wa funguo ndani ya kompyuta, huweka alama ya fimwea iliyoizoea. Ikiona imebadilika, haitoi ufunguo wa diski mpaka mwenye mali ajitambulishe. Kwa kawaida ufunguo huo unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute huko kabla hujakubali kufomati, maana diski iliyofungwa kwa BitLocker ikifomatiwa, mafaili ndiyo basi tena.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimpigia fundi usimwambie "haiwaki". Mwambie: "Inawaka, ila haiingii Windows, na ilianza baada ya kusasisha fimwea." Akiwa fundi kweli, ataiacha flashi mfukoni aanze na mipangilio.