Kuchoma DVD sio kukopi faili

Wiki hii nimesikia tena mtu anasema "mi nimeshaichoma kwenye DVD, deki yako ndo mbovu". Jamani deki haina shida, shida ni hilo neno kuchoma tunavolitumia.

Kwa kifupi, DVD ya kucheza kwenye deki ya kawaida ni ile ambayo video imegeuzwa kwanza kuwa MPEG-2, aina ya video ambayo deki inaielewa, kwa huku kwetu kwa mfumo wa picha wa TV unaoitwa PAL, yaani nukta 720 kwa 576 na picha 25 kwa sekunde, ikapangwa kwenye folda inaitwa VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB (video yenyewe), IFO (maelekezo ya deki) na BUP (nakala ya hayo maelekezo), ndo ikachomwa na mwisho diski ikafungwa, yaani programu ikaikamilisha ili deki nyingine ziweze kuisoma. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa hili neno. Wengine wanasema kubani, wengine kuchoma, na mi naona kuchoma limekaa vizuri sana maana kwetu unachoma mahindi na unachoma sindano, kuna moto na kuna kutoboa. Diski ya kiwandani ina vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinagongwa kwenye plastiki kwa kibati cha mfano, kama muhuri, kwa hiyo diski yenyewe haichomwi. Hizi tupu tunazonunua dukani zina tabaka la rangi ndani, leza inalipasha joto na pale palipopata moto panabadilika, deki ikija kusoma inapaona kama vile ni kishimo. Chukua DVD iliyoandikwa nusu uigeuze juani, utaona pete imekolea rangi kuanzia katikati halafu ghafla inakata, nje yake pasafi kabisa. Hapo ndo leza ilipoishia. Na inaanza ndani kwenda nje, sio kama santuri za wazee ambazo sindano ilianzia pembeni.

Kwa hiyo neno liko sawa ila linataja kazi ya leza peke yake. Mkaa haujui kama juu kuna mahindi au muhogo, na leza nayo haijui, ukiipa faili la video la mp4 itachoma mp4, ukiipa barua ya kuomba kazi itachoma barua, na programu itakwambia imekamilika bila kosa lolote. Inakuwa diski ya data, yaani ya kubeba mafaili tu. Kompyuta inaifungua kwa sababu ina programu za kila fomati, deki ya kawaida inatafuta VIDEO_TS haioni inagoma. Kinachozidi kuchanganya watu ni hizi deki zenye tundu la flashi, nyingi zinakubali avi na nyingine mp4, basi mtu ikimchezea kwake anajua kila mahali itacheza.

Mi hili linaniuma kwa sababu ya shangazi yangu Korogwe. Aliletewa DVD ya sendofu ya binti yake, akakusanya majirani sebuleni, deki ikaandika NO DISC, akaitoa akaifuta na pindo la kanga, akarudisha, ikaandika vilevile. Akafikiri kaiharibu yeye kwa kuishika vibaya, akaificha kabatini na hakumwambia mtu karibu mwezi mzima. Nilivoiweka kwenye laptop nikakuta faili moja tu la mp4, na diski yenyewe haina mkwaruzo wala nini. Tuliigeuza upya usiku mzima, kuchoma kwenyewe hakukufika hata robo saa.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukiwa umeburuta faili ukalichoma lilivo, sema tu umenikopia kwenye DVD, nitaangalia kwa laptop. Na ukienda kwa fundi usiishie kwenye "nichomee hii", mwambie unataka DVD video ya kucheza kwenye deki, na kabla hujalipa muombe aiweke kwenye deki, sio kwenye kompyuta yake.