Kufunga choo ni nini hasa?

Neno "choo" lina kazi mbili, na vituko huanzia hapo. Nilipokuwa namuuguza shangazi wodini hapa Dar es Salaam, nesi alipita asubuhi kitanda kwa kitanda akiuliza, "Mama, umepata choo?" Bibi wa kitanda cha jirani akajibu kwa adabu zote, "Nimekipata mwanangu, kipo kule mwisho wa korido." Wodi nzima ikacheka, naye akacheka. Nesi aliporudia swali kwa maneno yaliyo wazi zaidi, bibi akageukia ukutani. Siku ya tano ile, hajaenda, na hajamwambia mtu.

Kufunga choo si kukosa kwenda siku moja. Miili haifanani: kuna anayekwenda mara tatu kwa siku na anayekwenda mara tatu kwa wiki, na wote wawili wako sawa ilimradi choo ni laini na kinatoka bila vita. Umefunga choo ukienda chini ya mara tatu kwa wiki, au kikiwa kigumu na kikavu, au ukijikamua mpaka mishipa ya shingo inasimama, au ukinyanyuka ukihisi bado kuna kilichobaki. Kwa hiyo hata wa kila siku anaweza kuwa amefunga choo.

Chanzo kikubwa ni maji. Kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kunyonya maji kwenye mabaki ya chakula. Mabaki yakikaa sana, yananyonywa mpaka yanakauka. Ndiyo maana kubana haja kuna gharama. Chukua nyumba ya kupanga Manzese au Mbagala: choo kimoja cha uani, familia sita, na mwenzio nje ameshika kopo anauliza, "Bado tu?" Unaahirisha. Haja ikiahirishwa inapoa. Tena wengi huisikia asubuhi, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huamka. Sasa saa hiyo wewe umeshaning'inia kwenye daladala, foleni haisogei, Posta bado mbali. Jioni ukirudi, huisikii tena.

Aibu yenyewe nayo hufunga choo. Waulize mabibi harusi wiki ya kwanza ukweni, choo kiko mkabala na sebule na baba mkwe anatazama taarifa ya habari. Hawatakwambia, lakini waulize.

Madaktari nao walitafuta njia ya kulizungumza jambo hili bila kuumauma maneno. Mwaka 1997, Stephen Lewis na Ken Heaton wa Bristol, Uingereza, walichapisha chati yenye aina saba za choo. Ya kwanza ni vidonge vigumu vilivyotengana, na ya saba ni maji matupu. Ya tatu na ya nne, mfano wa soseji au ndizi laini, ndizo zinazotakiwa. Sisi lugha hiyo tulikuwa nayo zamani: "kama cha mbuzi", "kama uji". Yule nesi mwishowe aliinama sikioni kwa bibi akauliza, "Kama cha mbuzi?" Bibi akatikisa kichwa kukubali, na dawa ikapatikana.

Tatizo letu ni kujificha nyuma ya neno "tumbo". Mtu anafika duka la dawa, anasubiri wateja waishe, kisha ananong'ona, "Tumbo linanisumbua." Anaondoka na dawa ya minyoo. Mwingine anakwenda Kariakoo kununua sanamaki "asafishe tumbo". Sanamaki inafanya kazi kweli, kwa kuusukuma utumbo kwa nguvu, lakini si ya kunywa miezi na miezi bila ushauri. Kwa wengi inatosha kuanzia jikoni: dona badala ya sembe iliyokobolewa, maharage, matembele, papai, na maji ya kutosha. Choo cha kuchuchumaa tunachokionea haya mbele ya wageni nacho kina faida yake, maana mkao ule hunyoosha njia. Mwenye cha kukaa anaweza kuweka kigoda chini ya miguu.

Damu ni habari nyingine. Ikiwa nyekundu, inaweza kuwa bawasiri, mishipa iliyovimba kwa kujikamua, lakini saratani ya utumbo mpana nayo inaweza kuanza hivyohivyo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Choo cheusi ti kama lami huashiria damu inayovuja juu, tumboni. Mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu asishtuke akiona cheusi, ni madini ya chuma, na vidonge hivyohivyo humfunga choo. Yeyote akiona damu, au choo cheusi bila kumeza vidonge hivyo, au akikonda bila sababu, au mwendo wa choo ukibadilika wiki kadhaa mfululizo, aende hospitali. Na tumbo likijaa na kuuma huku unatapika, na hata upepo hautoki, nenda sasa hivi.

Ukifika ukashindwa kutamka, andika kwenye kikaratasi umkabidhi daktari: naenda mara ngapi, kinafananaje, tangu lini. Atakisoma bila kukunja uso. Asubuhi hiyo ameshasikia ya wengine kumi.