911: Namba Moja, Wenyewe Maelfu

Jioni moja wiki iliyopita, mama ninayemheshimu sana katika jamii yetu ya Waswahili hapa Marekani alinipigia simu. Shikamoo yangu haijapoa, akaanza: "Mwanangu, si wewe uko ofisi ya 911 ya jimbo? Basi mfukuzeni yule binti mpokea simu aliyemwuliza shemeji yangu anwani mara tatu na mtu anavuja damu. Kompyuta zenu si zinaona kila kitu?"

Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Nikampa pole, maana shemeji yake aliumia kweli na hasira yake ina haki. Kisha nikamweleza nisichoweza kukifanya, na kwa nini. Hakuniamini. "Serikali ni serikali," akasema, akakata. Maneno hayo nimeyasikia kwa wachungaji, kwa madereva wa malori, kwa mawakili waliosomea hapahapa, na hata kwa mjumbe wa bunge la jimbo siku chache kabla hajaipigia kura bajeti yetu. Huyo wa mwisho ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu kura yake ina uzito.

Watu wanadhani 911, namba ya dharura ya Marekani, ni shirika, lenye makao makuu na mkurugenzi anayeweza kuinua simu akamkemea mpokeaji wa kaunti yoyote. 911 ni namba. Nyuma ya namba hiyo kuna vituo zaidi ya 5,000, na kila kimoja kina mwenyewe: sherifu wa kaunti, polisi wa mji, idara ya zimamoto, au mamlaka ya pamoja ambayo miji kadhaa imeiunda. Mwenyewe huyo ndiye anayeajiri, anayelipa mshahara, anayepanga zamu na anayefukuza. Mimi, wa ofisi ya jimbo, nakagua.

Hili limekuwa hivyo tangu mwanzo. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 huko Haleyville, mji mdogo wa Alabama. Kampuni kubwa ya AT&T ilikuwa imetangaza namba hiyo mwezi mmoja tu kabla, na kampuni ndogo ya simu ya Alabama ikaamua kuiwahi. Spika wa bunge la jimbo, Rankin Fite, alipiga. Mbunge Tom Bevill akapokea katika kituo cha polisi. Haikuwepo sheria ya taifa iliyowaamuru. Mji ulianza, mji mwingine ukafuata, kaunti ikafuata, kila mmoja kwa fedha zake na mitambo yake. Bunge la Marekani lilikuja kuifanya 911 kuwa namba ya dharura ya nchi nzima mwaka 1999, yaani miaka 31 baadaye, wakati nyumba zote zimeshajengwa na kila mtu ana ufunguo wake. Uingereza ilikuwa na 999 tangu 1937, na huko simu hupokelewa kwanza na opereta wa mtandao wa taifa ndipo ikapelekwa kwa polisi au gari la wagonjwa. Hapa hakuna opereta huyo wa kwanza. Mnara wa simu unaamua, na simu inatua kwenye meza ya kaunti.

Sasa, nani anasimamia nini? Kampuni za simu za mkononi zinasimamiwa na FCC, tume ya mawasiliano ya shirikisho. Hiyo ndiyo inayoziambia zipeleke mahali alipo mpigaji kwa usahihi gani na lini. Lakini FCC haina amri juu ya kituo. Haiwezi kukiambia kiajiri watu wawili zaidi. Jimbo liko katikati, na hapo katikati ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu majimbo hayafanani hata kidogo. Rhode Island ina kituo kimoja cha jimbo kinachopokea simu zote za 911 kwanza. Texas ina tume ya jimbo, lakini wilaya nyingi za 911 zimejitegemea na haziko chini ya mpango wa tume hiyo. Illinois iliutoa usimamizi kwa mdhibiti wa huduma za umma ikaukabidhi kwa polisi wa jimbo. Missouri ilikaa mpaka 2018 bila tozo ya jimbo zima kwenye simu za mkononi, wakati karibu majimbo mengine yote yalikuwa na tozo ya namna hiyo. Ukiniuliza "jimbo linasimamia vipi 911?" lazima nikuulize jimbo gani, na hapo wengi huniona nakwepa swali.

Nieleze kazi yangu ilivyo, kwa kuwa hapa ndipo kero yangu ilipo.

Naingia kituoni na fomu. Naangalia jenereta kama limewashwa mwezi huu au limeandikwa tu kuwa limewashwa. Naomba rekodi za simu: ngapi ziliingia, ngapi zilikatika kabla ya kupokelewa, sekunde ngapi kila moja ilingoja. Naangalia vyeti vya mafunzo, hasa ya kumwelekeza mpigaji kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Nauliza: kituo hiki kikiungua usiku wa leo, simu zinaenda wapi, na mmewahi kulijaribu hilo au limo kwenye karatasi tu? Swali hilo la mwisho ndilo huwatoa watu jasho. Wapo wanaonionyesha makubaliano na kaunti jirani yaliyosainiwa na watu waliokwisha kustaafu.

Nikikuta kasoro, naandika. Naandika tena. Kisha? Silaha kubwa ambayo jimbo linayo ni fedha: tozo inayokatwa kwenye kila laini ya simu, ambayo sehemu yake jimbo huirudisha kwa kaunti. Naweza kupendekeza kaunti isipewe. Lakini fikiria maana yake. Kituo kinachochelewa kupokea simu mara nyingi kinachelewa kwa sababu hakina watu. Hakina watu kwa sababu mshahara ni mdogo na zamu ni za saa 12, na saa za ziada ni za lazima. Nikizuia fedha, aliyekosea hatambui chochote. Anayetambua ni mtu aliyelala sakafuni nyumbani kwake akisubiri simu ipokelewe. Sijawahi kulipata jibu la hili. Semina zinasema jimbo liwe na "meno". Meno hayo yanamuuma nani?

Ndiyo maana husema usimamizi wa jimbo ni wa kushawishi zaidi kuliko kuamuru. Wanaotaka jimbo lifukuze na kufunga vituo hawajafikiria nani atapokea simu kesho asubuhi.

Na zile sekunde. Kiwango ambacho NENA, chama cha wataalamu wa 911, kimekiweka ni simu 90 kati ya 100 zipokelewe ndani ya sekunde 15, na 95 ndani ya sekunde 20. Majimbo mengi yanakitumia au yana chao kinachokaribiana nacho. Mimi mwenyewe nakitumia, na sikiamini sawasawa. Kituo kinaweza kupokea simu ndani ya sekunde 4, "911, dharura yako ni ipi?", kisha kikamhamishia mpigaji kwa zimamoto, wakamhamishia kwa kaunti jirani, kila mahali akaulizwa anwani upya. Kwenye fomu yangu kituo hicho kimefaulu. Kingine kinachelewa kupokea, lakini aliyepokea anamaliza kila kitu mwenyewe na gari limeshatoka. Hicho kimeanguka. Tunapima sekunde za kupokea kwa sababu mtambo unazihesabu wenyewe. Muda kati ya mtu kusema "haraka, hapumui" na mkono wa kwanza kugusa kifua ndio ningetaka kuupima, na data yake imetawanyika kwenye mifumo mitatu isiyosomana.

Sasa nirudi kwa shemeji na anwani yake. "Kompyuta zinaona kila kitu." Haziioni. Simu ya mezani ilikuja na anwani iliyosajiliwa. Simu ya mkononi inakuja na makadirio: kwanza mnara, kisha alama kwenye ramani yenye duara la kutokuwa na uhakika. Ndani ya jengo la ghorofa duara hilo linaweza kufunika milango 80. FCC imezitaka kampuni zipeleke pia kimo, kwa usahihi wa mita 3 juu au chini kwa simu nyingi, lakini mita 3 ni karibu ghorofa moja nzima, na mpokeaji anapata kimo tu, hapati namba ya ghorofa. Aidha, simu iliyopigwa mpakani mwa kaunti inaweza kuupata mnara wa upande wa pili na kutua kituo kisichokuwa chake. Sheria ya FCC ya Januari 2024 inazitaka kampuni zielekeze simu kwa kufuata alipo mpigaji badala ya mnara, na hilo litapunguza tatizo hili. Kwa hiyo binti yule aliyeuliza anwani mara tatu huenda alikuwa anafanya kile hasa alichofundishwa: kuuliza, kurudia, kuhakikisha. Gari likienda mlango usio wenyewe, dakika hazirudi. Sisemi hakukosea, rekodi sijaisikia. Nasema kuuliza si kosa.

Jambo la fedha nitalieleza kwa ufupi, ingawa linanichoma. Tozo ya 911 mnayokatwa haiendi lazima kwenye 911. Tangu sheria ya 2008, FCC hutoa ripoti kwa Bunge kila mwaka ikitaja majimbo yanayoipeleka kwingine, na New York na New Jersey yametajwa mara kwa mara. New Jersey hukata senti 90 kwa kila laini kwa mwezi, na sehemu kubwa imekuwa ikigharamia shughuli nyingine za usalama za jimbo. Shirikisho lilichoweza kufanya kwa muda mrefu ni kuyataja hadharani na kuyanyima ruzuku. Hata hivyo, kuna swali ambalo wenzangu hawapendi niliulize: redio ya polisi ambayo mpokeaji anaitumia kumwita askari, hiyo ni 911 au si 911? Simu bila redio haimfikishi mtu yeyote. Lakini ukiruhusu redio, kesho utaletewa ankara ya gari la doria. Mstari upo mahali fulani, na nimeuchora pawili tofauti katika miaka miwili tofauti, kwa nia njema mara zote mbili.

Kama bado unaamini kuna mwenyewe mmoja, tazama usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Aprili 2014. Jimbo zima la Washington lilikosa 911 kwa takribani saa 6. Nyaya zilikuwa nzima na vituo vina watu. Tatizo lilikuwa kwenye programu iliyoko Englewood, Colorado, ambako simu zilikuwa zinapangiwa njia: kihesabuji kilifika kikomo kilichowekwa na mwandishi wa programu, kikaacha kugawa njia kwa simu mpya. Vituo 81 katika majimbo 7 viliathirika, vikiwa vinahudumia watu milioni 11, na zaidi ya simu 6,600 hazikufika. Mpokeaji aliyekaa mezani usiku ule aliona ukimya tu, na ukimya kwenye kituo cha 911 unafanana na usiku mtulivu. Mdhibiti wa Washington aliitoza faini kampuni ya simu iliyokuwa na mkataba na jimbo. Lakini kosa lilikuwa kwa mkandarasi wake, katika jimbo jingine, kwenye mashine ambayo mkaguzi wa Washington hana ruhusa ya kuigusa. Tangu siku hiyo, nikiona mkataba wa mitambo mipya ya intaneti inayochukua nafasi ya nyaya za shaba, ukurasa wa kwanza ninaoutafuta ni ule unaosema nani atajulishwa, na ndani ya dakika ngapi, simu zikiacha kuingia.

Kuna wanaosema dawa ni kuunganisha vituo: vichache, vikubwa, chini ya jimbo. Illinois ililazimisha hilo kwa sheria ya 2015 katika kaunti nyingi. Zamani nililiunga mkono kwa sauti kubwa. Siku hizi sauti imeshuka. Kituo kikubwa kina wapokeaji wa kutosha na msimamizi usiku kucha. Kidogo kina mtu mmoja ambaye akienda msalani namba inalia. Hilo liko wazi. Lakini yule mtu mmoja akisikia "tuko pale penye ghala la zamani lililoungua," anajua ni wapi. Kituo cha mbali kinauliza jina la barabara, na mpigaji halijui. Nimesikiliza rekodi za aina zote mbili na siwezi kukuapia ipi inaokoa zaidi.

Na hao wapokeaji, uainishaji wa kazi wa serikali ya shirikisho bado unawahesabu pamoja na wafanyakazi wa ofisini, makarani. Mtu anayemfundisha mzazi kwa simu kumpulizia mtoto pumzi ni karani. Katika majimbo kadhaa ambayo sheria haijaweka kima cha mafunzo, kaunti ndiyo inayoamua afundishwe wiki ngapi kabla ya kuachwa peke yake mezani.

Mama nimempigia tena jana. Nimempa anwani ya kituo cha kaunti yake, jina la cheo cha anayepokea malalamiko, na maneno ya kuandika: tarehe, saa, namba iliyopiga, na ombi kwamba rekodi ya simu ihifadhiwe. Nimemsihi aandike wiki hii hii, maana rekodi hufutwa zikifika muda wake na kila kaunti ina muda wake. Nakala ameniahidi atanitumia ofisini, na hiyo naweza kuifungulia faili.