Mbwa Amekula Sumu? Weka Maziwa Chini Kwanza

Jumapili moja jioni aliletwa mbwa kwa bajaji, kichwa kakilaza mapajani mwa kijana wa nyumbani, maziwa yanamtoka puani. "Dokta, tumemnywesha nusu lita lakini hayashuki," mama mwenye mbwa akaniambia. Asubuhi walikuwa wamemwogesha kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, wameikoroga kwa kukisia. Mate yalikuwa yanachuruzika, mboni za macho zimesinyaa kama kichwa cha pini, misuli inacheza yenyewe chini ya ngozi. Sumu hiyo ina dawa yake, atropini, na usiku uleule alitulia. Kilichotuweka roho juu siku tano zilizofuata ni yale maziwa, kwa sababu mengine yalikuwa yameingia mapafuni.

"Mpe maziwa" tumelirithi, na hata mimi nilikua nikiliamini. Lakini maziwa hayaui sumu. Mnyama anayetetemeka au aliyelegea hamezi sawasawa, basi chochote unachommiminia kinaweza kupita njia ya pumzi. Mafuta ya kula, mayai mabichi na maji ya chumvi ni hayo hayo. Wala usimtapishe kabla hujampigia daktari wa mifugo: akiwa amekunywa mafuta ya taa, kumtapisha kunamwongezea hatari.

Kilichotakiwa siku ile ni maji. Sumu ilikuwa bado imeshika kwenye manyoya, inaendelea kunywewa na ngozi. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi ukizikosa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni ya maji ya vyombo, mkaushe, njoo. Na uje na chupa ya dawa! Nikisoma lebo najua pa kuanzia; nikiambiwa "ni ile nyeupe ya dukani" naanza kubahatisha.

Paka ana janga lake: Panadol. Mtu anamwona paka wake kanyong'onyea, anamkatia kipande kwa huruma. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na damu inageuka rangi, inashindwa kubeba hewa. Fizi zinakuwa za kahawia, uso na nyayo vinavimba, anahema. Ukishampa, usisubiri uone dalili. Mfunge kwenye taulo, mtie kwenye kikapu chenye mfuniko, mlete saa hiyohiyo.

Nimetaja fizi, basi leo usiku, mnyama wako akiwa mzima, mwinue mdomo uzitazame. Bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukizijua za siku ya uzima, siku akigongwa na bodaboda utajua kama anavuja damu ndani. Fizi nyeupe ni safari ya haraka, hata kama anasimama na kutikisa mkia.

Nyoka swila naye akimtemea mbwa sumu machoni, hapo watu huhangaika na majani na maziwa tena. Mwinamishe kichwa pembeni, mmiminie maji safi taratibu kwa dakika 15 kamili. Atapiga kelele na kujifuta kwa miguu, mzuie asijikwaruze. Dawa ya macho iliyobaki kabatini usiiguse. Zenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huharibu kioo cha jicho kilichochubuka.

Kuna jambo moja tu ambalo nitakukataza kwa ukali. Mbwa ambaye taya limening'inia, anadondosha mate, hawezi kumeza, watu husema kakwama mfupa, na mwenye huruma kuliko wote anaingiza mkono kooni. Kichaa cha mbwa huja na sura hiyohiyo. Usiingize mkono. Mfungie mahali bila kumshika, utupigie. Kama ameshakung'ata, au mate yake yamegusa mchubuko, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Na mbwa huyo akifa, msikimbilie kumzika, maana ubongo wake ndio unaopimwa.