Hifadhi ya mtaa haiishii kwenye kibao

Eneo la hifadhi ya kihistoria ni mtaa mzima unaolindwa kisheria kwa sababu ya haiba yake, yaani sura yake ya pamoja. Basi. Lakini hapa Kisumu ukitaja hifadhi, watu hukuelekeza njia ya Dunga, kwenye hifadhi ya wanyama ya swala. Wengine, na hao ndio wanaoniudhi zaidi, husema jengo moja likishatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kutundikwa kibao, mtaa umehifadhiwa.

Neno lenyewe linawakatalia. Hifadhi limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa hafidhi, mtu aliyeiweka Kurani yote moyoni. Aliyehifadhi anaijua neno kwa neno. Ukiruka aya moja, atakurekebisha papo hapo. Mtaa nao huhifadhiwa hivyo: kwanza ujulikane.

Kuujua ndiko kunakoitwa tathmini ya haiba. Unatembea na daftari. Unapima upana wa baraza, kimo cha mapaa, nafasi kati ya nguzo, unaandika mwaka uliochongwa kwenye lipu juu ya mlango. Yako maduka ya zamani ya Wahindi mjini, urithi wa biashara iliyoshamiri baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901. Baraza moja ninaipita kila asubuhi: fundi na cherehani yake, mama wa njugu pembeni, na mvua ikishuka sote tunajibana humo humo. Juzi jirani alijenga ukuta wa vioo hadi ukingoni mwa barabara. Hakuna jengo la kale lililoguswa, ila kile kivuli kilichokuwa kikienda duka hadi duka kimekatika, na sasa anayepita hapo analowa. Kilichoharibika ni haiba, na hakuna kibao ambacho kingeizuia hasara hiyo.

Uingereza iliona pengo hili mwaka 1967, ikatunga sheria ya kulinda maeneo, kwa kuwa ile ya kulinda jengo mojamoja haikutosha. Mji wa Stamford ukawa wa kwanza. Sheria yetu ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 nayo inayataja makundi ya majengo, kwa hiyo hatuwezi kusingizia ukosefu wa sheria.

Ukimsikia mtu akiliita jengo lenye kibao eneo la hifadhi, mwambie taratibu: hilo ni jengo lililohifadhiwa. Mtaa wake, bado.